Wakfu mbele ya majaji wa London

Sisi wa mwambao neno wakfu tunalijua tangu utotoni. Mtu huifunga nyumba au shamba lake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu: mali hiyo haiuzwi wala hairithiwi, huliwa mapato yake tu. Wengine waliwekea msikiti. Wengine waliwekea watoto na wajukuu, na kizazi kikimalizika, mapato yaende kwa masikini. Wanachuoni wetu waliukubali wakfu huu wa kizazi, kwani kumtunza jamaa nako ni sadaka.

Mwaka 1894 kesi ya familia ya Kiislamu ya Bengal ilifika London, mbele ya Privy Council, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Waingereza. Majaji waliona fungu la masikini liko mbali mno, ni jina tu, na kwamba nia hasa ilikuwa kuhifadhi mali ya ukoo. Wakaubatilisha wakfu ule. Sadaka ya Kiislamu ilipimwa kwa mizani ya Kiingereza, ambayo ndani yake sadaka ni ile inayoufaa umma.

Bengal inatuhusu nini? Hapa inaingia dhana ya pili, ya uamuzi unaofunga. Kwa desturi ya sheria za Kiingereza, hukumu ya mahakama ya juu huzifunga mahakama za chini katika kesi zinazofanana. India ilitungiwa sheria mwaka 1913 kuuhalalisha wakfu wa kizazi, lakini sheria hiyo haikuvuka bahari. Kesi ya Bakhshuwen kutoka Kenya, iliyochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1952, iliamuliwa London kwa kufuata ile ya 1894. Kwa Kenya, ni sheria iliyotungwa mwaka 1951 iliyotamka kuwa wakfu wa kizazi ni halali.

Kwa hiyo tunapokaa mbele ya wakili, Uingereza au Marekani, kuandikisha wasia au wakfu, tusitosheke na neno la Kiingereza linalokaribiana. Tueleze kinaganaga: nani afaidike, nani asimamie, nini kisiuzwe, na mwisho wake uwe kwa nani. Jaji huhukumu kwa maana anayoijua yeye, na tukinyamaza, maana hiyo ndiyo itakayowafunga wajukuu wetu.