Kanombe: Kipimamvua na Miaka Iliyokosekana

(Muziki wa kufungua. Unashuka polepole chini ya sauti.)

MSOMAJI: Leo tuko Kicukiro, upande wa kusini-mashariki wa jiji la Kigali. Huku ndiko uliko uwanja wa ndege wa Kanombe, na uwanjani hapo kuna kituo cha hali ya hewa. Abiria wengi hupita bila kukitazama. Lakini historia ya tahadhari za mafuriko nchini Rwanda haiwezi kusimuliwa bila vituo vya aina hiyo.

Kwa miaka mingi kazi ilikuwa nyepesi kuieleza. Kuna chombo cha kukinga mvua. Kila asubuhi mtu anakwenda, anasoma kimo cha maji, anaandika daftarini, anamwaga, anarudisha chombo mahali pake. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Kazi hiyo ilifanywa viwanjani mwa ndege, misheni, shuleni na kwenye mashamba ya majaribio, na daftari zikajaa.

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Habyarimana ilidunguliwa ikikaribia kutua Kanombe. Yaliyofuata, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, tunayakumbuka kila mwaka, na si lengo la kipindi hiki kuyasimulia upya. Nataja jambo moja dogo tu mbele ya msiba ule: Aprili ni katikati ya Itumba, msimu wa mvua kubwa. Mvua iliendelea kunyesha, na karibu nchi nzima hapakuwa na wa kuipima. Wasomaji wa vipimamvua waliuawa au walikimbia, vyombo viliharibika au viliibwa. Mtandao wa vituo ulichukua takriban miaka 15 kurudi katika hali ya kuridhisha.

Mtu anaweza kuuliza: mvua ya 1997 iliyokwisha kunyesha inamhusu nini mama anayelala leo kwenye mteremko wa Gatenga? Inamhusu sana. Anayejenga mtaro au daraja huuliza kwanza mvua kubwa ya saa moja hurudi kila baada ya miaka mingapi. Anayetoa tahadhari naye anahitaji kujua ni kiasi gani cha mvua kilichowahi kulifurisha bonde fulani. Miaka 15 ikikosekana, majibu ya wote wawili yanayumba.

Wataalamu wa Rwanda, pamoja na taasisi ya utafiti wa hali ya hewa ya Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walijaribu kuliziba pengo hilo kwa mpango uitwao ENACTS. Setilaiti huona jinsi vilele vya mawingu vilivyo baridi, na kutokana na hapo hukadiriwa mvua. Makadirio hayo yakasahihishwa kwa vipimo vya vituo vilivyokuwapo, na nchi ikapata kumbukumbu za mvua kuanzia miaka ya 1980 bila kukatika. Ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo, milimani mvua nzito huweza kutoka kwenye wingu lisilo baridi sana, na setilaiti ikaiona kidogo kuliko ilivyo. Miaka yenye vituo vichache ndiyo iliyokosa wa kuisahihisha.

(Sauti ya mvua juu ya bati, sekunde tano.)

Mafuriko ya ghafla yana tabia yake. Wingu moja la radi linaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu. Kanombe pakawa pakavu, Gikondo wanakimbiza watoto. Hebu tupige hesabu: milimita 30 zikinyesha juu ya kilomita 5 za mraba ni lita milioni 150. Juu ya mabati, lami na saruji, sehemu kubwa haizami ardhini. Inateremka hadi kinamasi cha Gikondo, kisha Nyabugogo, mwisho Nyabarongo. Daftari linalosomwa kesho asubuhi halimwokoi mtu wa usiku huu.

Ndiyo maana vituo vinavyojiendesha vyenyewe vilileta badiliko. Ndani yake kuna kikombe kidogo kinachojaa na kupinduka, kila kupinduka ni sehemu ndogo ya milimita, na hesabu hutumwa kwa mtandao wa simu. Rwanda ilijiongezea pia rada, ng'ambo ya Nyabarongo huko Bugesera. Rada huona mvua ikija. Kituo cha ardhini huthibitisha kiasi kilichoanguka. Kimoja bila kingine ni nusu ya kazi. Nchini Kenya, mradi wa TAHMO ulipeleka vituo kama hivyo shuleni, mahali penye ulinzi na watu wa kuviangalia. Naona hilo ni wazo la busara kuliko uzio wa gharama kubwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, magharibi na kaskazini mwa nchi, watu zaidi ya 130 walifariki kwa mafuriko na maporomoko ya udongo. Mto Sebeya ulifurika Rubavu. Mamlaka ya hali ya hewa ilikuwa imetangaza kwamba mvua ya Mei ingezidi wastani. Tangazo lilikuwa la kweli. Lakini “mvua ya mwezi itazidi” haimwambii mtu aondoke kitandani saa sita usiku.

Hapo kati ya chombo na kitanda ndipo kazi iliyobaki ilipo. Vipimo vya kituo vikifika ofisini kila baada ya dakika 15, vinahitaji mtu wa zamu usiku, kiwango kilichokubaliwa mapema kwa kila bonde, na namba ya simu ya kiongozi wa umudugudu inayopokelewa. Kwenye bonde dogo la Kicukiro, tangu mvua kuchacha hadi maji kufika mlangoni, muda huweza kuwa chini ya saa moja.

(Muziki wa kufunga.)