Kudunda Kulikuja Baadaye

Wengi wetu tuliingia kwenye baske kwa sababu ya kudunda. Unaona video ya mtu akipitisha mpira katikati ya miguu, beki anaanguka, unataka kuwa yeye. Ndiyo maana napenda kuwakumbusha wasee kwamba mchezo huu ulipozaliwa, kudunda hakukuwepo kabisa.

Desemba 1891, mjini Springfield, Massachusetts, James Naismith alitundika vikapu viwili vya matunda ukumbini, katika chuo cha YMCA, akabandika kanuni 13. Ukidaka mpira, unatupa kutoka pale pale ulipodakia. Kukimbia nao, marufuku. Alikuwa na sababu: anayekimbia na mpira lazima aangushwe, kama kwenye raga, na sakafu ya mbao si nyasi. Asipokimbia, hakuna haja ya kumwangusha.

Sasa jiweke pale. Umedaka, mabeki wawili wamekufunika, wenzako wote wamebanwa. Ufanyeje? Wachezaji walisoma kanuni kama mawakili. Imekatazwa kukimbia ukiwa umeshika mpira. Haijakatazwa kuuachilia, kuufuata, na kuuokota tena. Wengine waliuviringisha, wengine waliurusha juu na kuudaka mbele, wengine wakaudundisha. Ilikuwa pasi ya kujipasia mwenyewe, basi. Timu ya chuo kikuu cha Yale, mwaka 1897, hutajwa kuwa miongoni mwa za kwanza kuigeuza hila hiyo kuwa mbinu. Na mipira ya enzi hizo ilishonwa kwa kamba zilizotokeza nje: ukidunda upande wa kamba, mpira unaruka unakotaka wenyewe.

Wakubwa hawakufurahi. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na miaka ambayo aliyedunda hakuruhusiwa kufunga mwenyewe. Mwaka 1927 kamati ya kanuni ya Marekani ikatangaza kwamba mchezaji atadunda mara moja tu. Makocha wakawaka, Phog Allen wa Kansas akiwa mbele, na kelele hizo zikazaa chama chao cha kitaifa. Kamati ikarudi nyuma. Kwa hiyo kila crossover unayoiona kwenye simu yako ilinusurika kwa kura.

Huku ziwani tulipata mchezo ukiwa umeshaiva. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, miaka kumi baada ya vile vikapu, na mpira wa kikapu ukaja baadaye, kupitia shule zaidi ya viwanja vya mtaa. Kuna safari moja ya mpira ninayoipenda. Barack Obama mkubwa, aliyesoma Maseno, alimtembelea mwanawe Honolulu mwaka 1971 na kumpa mpira wa kikapu kama zawadi ya Krismasi. Julai 2018 mwana huyo, sasa rais mstaafu, alisimama kwenye uwanja mpya kule Kogelo, akarusha mpira, watu wakashangilia. Kurusha, si kudunda.

Mimi nilifundishwa kwenye saruji iliyopasuka, mpira umeisha vipele hadi unateleza kama samaki. Wiki mbili za kwanza mwalimu alitukataza kudunda. Pasi tu. Tulimwona mnoko. Alipoturuhusu, alitupa ruhusa tatu: kuupandisha mpira, kushambulia kikapu palipo na njia, na kutoka kwenye mtego. Ukidunda mara moja mahali ulipo bila kwenda popote, anapuliza kipenga. Ilinichukua miaka, na kusoma hii historia, kujua kwamba ile ruhusa ya tatu ndiyo iliyotangulia zote.

Namna ya kudunda aliieleza kwa maneno machache. Vidole, si kiganja. Magoti yakunjwe, mpira usipite kiuno beki akiwa karibu. Mkono usio na mpira uwe ukuta. Macho mbele, na hapo ndipo saruji yetu ilitutesa: ukijua pale kuna ufa, au maji ya mvua ya jana, macho yanashuka yenyewe, na macho yakishuka hauoni mwenzako aliye peke yake chini ya ringi. Kiswahili kinanisaidia hapa, kwa sababu kina maneno mawili: kudunda ni kazi ya mkono, chenga ni kazi ya mwili. Wengi tunafanyia mkono mazoezi usiku na mchana, mabega na miguu tunasahau. Beki hadanganywi na mpira, bana. Anadanganywa na bega.

Leo kanuni za kimataifa zinakupa sekunde 8 kuvuka nusu ya uwanja na 24 kurusha. Mtu akidunda sekunde 15 akipanga maonyesho yake, wenzake wanne wanabaki mashahidi.

Ukipita uwanja wowote Kisumu jioni, ugomvi utakaousikia zaidi si wa faulo. Ni "Umebeba!" Mkono uliingia chini ya mpira, au ulikuwa juu? Alikuwa ameuachilia, au alikuwa ameushika? Anayetuhumiwa anaapa kwa mama yake, mchezo unasimama, na mara nyingi mpira hupewa mwenye sauti kubwa.