Abu al-Mawahib na Ndugu Zake: Ukoo wa Mahdali Kilwa

Al-Hasan bin Sulaiman alikuwa sultani wa Kilwa Kisiwani kati ya mwaka 1310 na 1333 hivi. Watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa tunu, kwa ukarimu wake. Ukoo wake ni Mahdali, wenye asili ya Yemen. Babu yake, al-Hasan bin Talut, ndiye aliyeutwaa ufalme mnamo 1277 kutoka kwa nasaba ya Washirazi, na baada yake akatawala mwanawe Sulaiman, baba wa huyu tunayemzungumzia.

Utajiri wa nyumba hii ulitoka mbali. Dhahabu ilichimbwa kwenye nyanda za Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala, kisha majahazi yakaipandisha kaskazini yakifuata mwambao wa Mikindani, Sudi na Lindi mpaka Kilwa, ambako ushuru ulitozwa. Sarafu moja ya shaba yenye jina la al-Hasan iliokotwa Great Zimbabwe, bara kabisa. Alipiga na sarafu za dhahabu, ingawa zinazojulikana leo ni chache mno. Sarafu hizo zina vina: upande mmoja jina la mfalme, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande zote mbili zinaishia kwa sauti moja.

Tarehe ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, inasema al-Hasan alikwenda Aden akiwa kijana, akasoma huko miaka miwili, kisha akahiji Makka. Baba alipofariki, kijana hakuwapo. Nduguye Daud akashika utawala kwa niaba yake, na al-Hasan aliporejea akamwachia kiti bila vita. Jambo hilo lilikuwa si la kawaida katika nyumba za wafalme wa zama zile, mahali popote.

Al-Hasan alipenda kujenga. Juu ya genge linalotazama bahari, nje ya mji, alisimamisha kasri la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia, ua wa barazani, ua mwingine uliozungukwa na maghala, na ngazi za kushukia pwani. Katikati kuna birika la kuogea lenye pembe nane. Kila pipa la maji yake ilibidi lichotwe na kubebwa, na mtu akisimama ukingoni mwa birika hilo haoni shida kukisia ni nani waliobeba. Neville Chittick, aliyefukua magofu hayo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alipata humo kipande cha maandishi yenye jina la sultani huyu na cheo cha al-Malik al-Mansur, mfalme mwenye kunusuriwa. Alithibitisha pia kwamba kasri halikukamilika. Mjini, sultani aliupanua msikiti wa Ijumaa kwa nguzo za jiwe la matumbawe na kuba kubwa. Sehemu hiyo haikudumu, ikaanguka.

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akavutiwa na mwenyeji wake. Anaeleza kwamba al-Hasan alivamia nchi za bara mara kwa mara, akatenga khumsi, yaani moja ya tano, ya ngawira, na fungu la masharifu akaliweka kando mpaka waje kulichukua, nao walitoka hata Iraki na Hijazi. Ijumaa moja, fakiri wa Kiyemeni alimsimamisha akitoka msikitini na kumwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani aliingia nyumbani kwa khatibu, akabadili, akampa. Mwana mrithi akazichukua tena nguo zile, akamfidia fakiri watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyosifu, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Msafiri anadokeza kwamba zawadi za huko huwa pembe, dhahabu ni nadra. Katika masimulizi hayo ya ukarimu, binadamu ishirini wanatajwa kama idadi tu.

Mwana mrithi huyo hakuupata ufalme. Mwaka 1333 kiti kilirudi kwa Daud. Kilwa ufalme uliweza kwenda kwa ndugu au ami. Ibn Battuta anamchora Daud kama bahili aliyewajibu waombaji kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Lakini yeye hakumwona Daud akitawala. Alisimuliwa, na kitabu chake kilikamilika 1355. Kwangu mimi jibu hilo linasikika zaidi kama la mtu aliyefungua hazina akaikuta tupu. Aliyemtangulia alikuwa ameacha kasri nusu na wageni waliozoea kupewa.

Daud alitawala hadi 1356. Mwanawe Sulaiman hakudumu: ami yake, Hussein bin Sulaiman, alimwondoa mwaka huohuo, akatawala hadi 1362. Uzao wa Hussein ndio uliofuata, kuanzia na Talut. Katika mlolongo wote huo hatutajiwi mama wala mke wa yeyote; ukoo unahesabiwa kwa wanaume peke yao. Mtindo huo wa kuorodhesha watawala ulidumu kusini: Carl Velten alipochapa Ujerumani, mwaka 1907, habari za kale za Lindi, Sudi na miji mingine kwa Kiswahili, nazo zilishughulika mno na nani alimrithi nani.

Sehemu ile ya msikiti wa Ijumaa ilibaki imeanguka karibu karne nzima, mpaka Sulaiman bin Muhammad alipoijenga upya katika utawala wake wa 1421 hadi 1442, na kazi hiyo ndiyo inayoonekana zaidi leo. Husuni Kubwa hakuna mrithi aliyeendelea nayo. Mwisho wa karne hiyo maamiri walikuwa wameshika mamlaka halisi, na Mreno Francisco de Almeida alipouteka mji mwaka 1505, aliyemkuta akitawala alikuwa Amiri Ibrahim, asiye mwana wa Mahdali.