Chura wa Kihansi

Nilipoanza kazi ya ualimu nilisahihisha madaftari kwa mwanga wa chemli. Kwa hiyo mitambo ya Kihansi, megawati 180 katika milima ya Udzungwa, ilipoanza kutoa umeme, nilifurahi kweli. Mwaka 2000 mwanachuo mmoja aliniuliza darasani habari za vyura wadogo waliogunduliwa katika korongo la mto ule mwaka 1996. Nikamjibu, "Chura hasomi usiku." Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka.

Chura yule hafikii sentimita tatu. Hatagi mayai, huzaa watoto. Na aliishi katika manyunyu ya maporomoko ya Kihansi tu, si penginepo duniani. Maji mengi ya mto yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa, na korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji. Hata hivyo, mwaka 2003 ugonjwa wa kuvu ulionekana na vyura wakapukutika. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba wametoweka porini. Mwaka 2012 kizazi cha wale wa Marekani kilianza kurudishwa nyumbani.

Sisemi mitambo izimwe. Nami naandika haya chini ya taa ya umeme. Nasema tu kwamba tulihesabu megawati kwanza, viumbe baadaye. Swali la mwanachuo yule lilistahili jibu. Mimi, mwalimu wake, nilimpa mzaha.