Mapanga Mawili Yasiyogongana

Mwaka 2019, wakati wa Ebola, helikopta zilipopita juu ya Vuhovi, mashariki mwa Kongo, zikielekea Butembo au Beni, watu walitaka kujua zimebeba nani. Mimi, fundi wa mashine za kusaga mihogo, nilikuwa natazama mkia. Lile panga dogo la mkiani halinyanyui hata kilo moja. Mapanga makubwa yakizunguka upande mmoja, mwili wa ndege hutaka kuzunguka upande wa pili, nalo lipo kuuzuia tu, likila nguvu ya injini. Anayenunua mazutu kwa pesa yake ataiona hasara hiyo.

Mjerumani Anton Flettner aliiona mapema. Mwaka 1939 alirusha Fl 265: milingoti miwili iliyokaribiana, kila mmoja umeinama nje kidogo, mapanga yakizunguka kinyume na kupishana kama vidole vya mikono miwili. Hayagongani kwa sababu gia zimeyafunga pamoja. La huku likipunguza mwendo, la kule nalo linapunguza. Misukumo inafutana, panga la mkiani halihitajiki, nguvu yote inakwenda kunyanyua. Nikilifikiria sanduku lile la gia naona wivu. Vita vikaja, viwanda vikapigwa mabomu, na Fl 282 zilizofuata zikatoka chache tu.

Mmarekani Charles Kaman, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1945, akashika njia hiyo hiyo. Hakuligeuza panga kutoka shinani. Alifunga kibawa kidogo kuelekea nchani, nacho kikalipinda panga lenyewe, mkono wa rubani usichoke. Desemba 1951 K-225 yake ikawa helikopta ya kwanza duniani kuruka kwa injini ya tabini. Mwaka 1991 ikaruka K-MAX ya kiti kimoja, nyembamba ili rubani auone mzigo unaoning'inia chini yake. Hunyanyua kilo 2,700 hivi, kupita uzito wake yenyewe ikiwa tupu. Ikisimama hewani, inatulia.

Ina visirani vyake. Haina mbio. Mapanga hushuka ubavuni, kwa hiyo asiyeijua akiijia kutoka pembeni anaweza kupoteza kichwa. Na injini ikizimika, helikopta za namna hii zina hatari ya kanyagio kugeuza ndege upande usiotakiwa, maana kanyagio hutegemea tofauti ya misukumo, na misukumo yenyewe imeshageuka. Wasanifu walilazimika kuitafutia dawa.

Kwa milima yetu, Butembo ikiwa karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa ikiwa nyepesi, nguvu isiyopotea mkiani ingefaa sana. Lakini helikopta za Oryx na Rooivalk za Afrika Kusini, zilizotumika na MONUSCO, jeshi la Umoja wa Mataifa, zina panga la mkiani, na Mi-8 za Warusi vilevile. Siwalaumu waliozichagua. Mi-8 zimetengenezwa kwa maelfu, K-MAX hazikufika mia, na mwaka 2023 Kaman ilitangaza kuacha kuziunda. Hata kinu changu nilichagua chenye vipuri Butembo, si kile kilichosaga vizuri zaidi.