Kazi ya nani? Kutoka salongo hadi vikundi vya mazingira vya Kabimba



Sisi tuliokulia teritwari ya Kalemie, kikundi hiki tunakijua wote. Kinaanza na mkutano chini ya mwembe. Wanachaguliwa prezida, sekretere na kesia, karibu wote vijana wenye diplome. Kunakuja miche, majembe na tishati. Miezi ya kwanza watu wanajaa kabisa. Mwaka wa pili mbuzi wameshakula miche. Mwaka wa tatu kimebaki kibao cha chuma kando ya barabara, na siku moja unakuta hata hicho kibao kimekuwa mlango wa jiko la mtu.

Tukiona hivyo tunasema haraka: watu wetu ni wagumu, hawajali mazingira. Hasa sisi tuliosoma tunapenda kusema hivyo. Leo naomba turudi nyuma kidogo, maana historia inatoa jibu lingine. Wazee wetu hawakukataa kutunza udongo, msitu wala ziwa. Walichokataa mara nyingi ni kazi ya mtu mwingine iliyovishwa jina la kazi yao.

Nichukue Kabimba kama mfano. Wengi wetu tunaijua kwa sababu ya saruji. Iko ukingoni mwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kalemie. Mbele ni ziwa, nyuma ni milima, na ukiendelea kaskazini unaingia safu ya milima ya Kabobo. Watu wanaishi kwa ndakala na mikebuka, kwa mashamba ya mteremkoni, kwa kibarua, na kwa makala yanayopelekwa mjini. Mlima ukikatwa miti, mvua inateremsha udongo hadi ziwani, na samaki wadogo wanaozaliana karibu na ukingo wanaumia. Kwa hiyo mchoma makala, mkulima na mvuvi wanategemeana hata kama hawajawahi kukaa kikao kimoja. Sababu ya kuwa na kikundi ipo. Basi, mbona vinakufa?

Tuanze wakati wa Wabelgiji. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilitoa dekreti ya kulazimisha mazao. Mwanakijiji alipaswa kulima kile alichoagizwa, mpaka siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita vya dunia, siku hizo zikapandishwa hadi 120. Asiyelima alitozwa faini au alifungwa. Ndani ya mfumo huo huo ndimo yalimokuja mengi ya mafundisho ya kilimo: panda hivi, chimba mfereji hapa, usichome pale. Mengine yalikuwa mafundisho mazuri. Lakini fikiria unayasikia kutoka kwa nani. Mtu aliyekuja kukufundisha kuzuia mmomonyoko alikuwa upande wa yule yule aliyeweza kukupeleka gerezani. Mkulima akajifunza somo moja kubwa: kazi ya udongo ni kazi ya Bula Matari, ifanye akiwapo, iache akiondoka.

Uhuru ukaja, na katika miaka ya 1970, chini ya Mobutu, ikaja salongo. Neno ni la Lingala, na wazo lenyewe lilikuwa zuri: raia wote watoke pamoja kila juma, wafagie barabara, wazibue mifereji, walime shamba la pamoja. Hata leo ukiwauliza wazee wengine watakuambia mji ulikuwa safi. Ila salongo ilikuwa amri ya Chama na Dola. Aliyeamua ni kazi gani ifanyike hakuwa yule aliyeshika jembe, na aliyekosa kutokea alijieleza kwa wakubwa. Wazee waliokumbuka siku 120 hawakuhitaji mtu wa kuwatafsiria. Ndiyo maana mpaka leo, mahali pengi, mtu akisema "hii ni salongo" anaweza kuwa anamaanisha kazi ya kumaliza upesi ili urudi nyumbani.

Baada ya Aprili 1990, vyama vingi viliporuhusiwa, mashirika ya raia yakaota kama uyoga. Halafu zikaja vita, na nyuma ya vita zikaja proje. Proje nyingi ziliokoa maisha, tusiseme uongo. Lakini nyingi zilifika zikiwa na jibu mfukoni. Kijiji kilitakiwa kuunda komite ili proje ipate mahali pa kushukia. Gereza halikuwepo tena, na badala ya fimbo kulikuwa na sabuni, tishati na pesa ya usafiri. Swali la msingi halikubadilika: nani ameamua kazi hii? Siku pesa ya usafiri ilipokwisha, kikundi nacho kikaisha, sawasawa na salongo ilivyokwisha siku aliyeisimamia alipoondoka.

Hapo ndipo mtu anaweza kusema: basi wanakijiji waamue wenyewe, lakini wanajua nini kuhusu mazingira? Jibu la swali hilo liko pale pale Kalemie, mdomoni mwa mto Lukuga.

Mwezi Mei 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Lukuga. Wenyeji walimwambia kwamba mto huo unatoka ziwani na kwenda kukutana na Lualaba. Miaka miwili baadaye akaja Stanley, akakuta mlango umezibwa na matete na matope, maji hayaendi. Wasomi wa Ulaya wakabishana: je, ziwa lina njia ya kutokea au halina? Kumbe wote walikuwa wameona sehemu ya ukweli. Maji yalikuwa yakipanda, na mnamo 1878 yakavunja kile kizibo. Mwaka 1879 mmisionari Edward Hore alikuta Lukuga unakimbia kwa nguvu kuelekea magharibi. Katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kama mita 10. Yaani ukingo tunaouona leo, mahali tunapojenga na kuanika ndakala, sehemu yake ilikuwa chini ya maji wakati babu za babu zetu wako hai.

Ziwa halikutulia hapo. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zililipandisha tena, na mwaka 1964 likafika juu sana. Mwaka huo huo, mwezi Juni, mji uliokuwa bado unaitwa Albertville uliangukia mikononi mwa waasi wa Simba, na serikali ikaurudisha mwishoni mwa Agosti. Maji na vita vilikuja pamoja. Mtu anayekimbia risasi haandiki maji yamefika wapi. Baadaye ziwa likashuka, watu wakarudi, ardhi ikakauka, wakazaliwa watoto wasiojua. Watoto hao wakakua, wakanunua parsele kwenye ardhi ambayo mzee angeweza kuwaambia: hapo mimi nilipita na mtumbwi.

Mwaka 2021 maji yakapanda tena, na 2024 vilevile. Kalemie, Uvira, Bujumbura: nyumba, barabara na bandari zikaingia maji. Tukasema ni ajabu. Ilikuwa balaa kweli, na dunia inayozidi kupata joto inaweza kuleta mvua kali zaidi. Lakini kuona ziwa likipanda hakukuwa jambo geni kwa kila mtu. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1964 alizaliwa 1954. Hesabu mwenyewe ana umri gani sasa. Amekaa pale barazani, anajua alama ya maji ilifika mti gani na jiwe gani, na hakuna aliyemuuliza. Vikundi vyetu vya mazingira vina orodha ya mahudhurio na vina picha za semina, lakini ni vichache vyenye daftari lenye alama ya 1964.

Sasa tuvuke ziwa twende Kigoma, tuone waliojaribu njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jane Goodall aliruka kwa ndege ndogo juu ya Gombe, akaona msitu wa sokwe umebaki kama kisiwa, milima yote ya jirani iko uchi. Mwaka 1994 taasisi yake ikaanza mpango unaoitwa TACARE. Mawazo ya mwanzo yalikuwa miti. Lakini kikosi kidogo cha Watanzania kilienda katika vijiji 12 vilivyozunguka Gombe kuuliza watu wanahitaji nini kwanza. Majibu hayakuanza na sokwe wala miti. Watu walitaka chakula zaidi, afya na shule kwa watoto wao. Kazi ikaanzia hapo, kwenye udongo uliochoka na zahanati. Mikopo midogo kwa akina mama na maji safi vikafuata. Msitu ulikuja baadaye, wakati vijiji vyenyewe vilipopanga matumizi ya ardhi, vikatenga hifadhi zao na kuchagua walinzi wao wa msitu. Mpango huo bado unaendelea, zaidi ya miaka 30 baadaye. Ni wazi kwamba una shirika kubwa na pesa nyuma yake, na matatizo hayajaisha. Lakini mpangilio wa maswali unatuhusu: walianza na shida ya mwenye ardhi, na shida hiyo ikawapeleka kwenye msitu.

Upande wetu pia kuna mfano, tena jirani kabisa na Kabimba. Mwaka 2007 watafiti waliingia msitu wa milima ya Kabobo wakatoka na wanyama wadogo sita ambao sayansi ilikuwa haijawaandika. Hapo ingekuwa rahisi kufanya kama zamani: kuchora mstari ofisini, kuwafukuza watu, kuita hifadhi. Badala yake yalifuata mazungumzo ya miaka na vijiji kuhusu mipaka ipite wapi, na mwishoni mwa 2016 mkoa wa Tanganyika ukatangaza Hifadhi ya Kabobo. Kutangaza ni hatua moja tu. Mkoa huo huo, mwaka huo huo, ulikuwa unaungua kwa mapigano ya Waluba na Watwa. Hifadhi haiwezi kudumu kama Mtwa, ambaye msitu ni nyumba yake, anaitwa mkutanoni ili ahesabiwe tu, kisha maamuzi yanafanywa na wengine.

Basi, kijana wa Kabimba anayetaka kuanzisha kikundi leo afanye nini? Mimi naona historia inamwachia mambo machache.

Aanze na daftari kabla ya kibao. Awaulize wazee alama za maji, vijito vilivyokauka, miti iliyokuwepo mlimani, miaka ya samaki wengi na ya njaa. Achore alama kwenye jiwe ukingoni na kuandika kimo cha maji kila juma. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji kalamu, na mtu mwenye adabu ya kusikiliza.

Halafu aulize shida kabla ya kutoa dawa. Mama anayeuza makala anajua kabisa kwamba mlima unaisha. Ukimwambia aache bila kumwonyesha atakula nini kesho, umekuwa wakala wa 1917 mwenye tishati. Mvuvi, mkulima, mchoma makala, Mtwa, mwanamke mjane, wote wawe na sauti pale inapoamuliwa kazi, si pale inapofanywa tu.

Pesa isomwe hadharani. Akina mama wa likelemba wanatushinda hapa wote: kila mmoja anajua nani ametoa na nani anapokea leo. Hakuna kikundi cha mazingira kilichokufa kwa sababu hesabu ilikuwa wazi mno.

Mwisho, ajue sheria iko upande wake. Katiba ya 2006, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya na ana wajibu wa kuyatetea. Sheria namba 004 ya Julai 2001 inaeleza jinsi shirika lisilo la faida linavyopata utambulisho. Na dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wake wa asili, mpaka hekta 50,000. Makaratasi ni marefu, gharama zipo, na ofisi ziko mbali. Hapo ndipo diplome zetu zingeweza kuwa na faida: kusoma hati, kuandika barua, kufuatilia faili. Tusikimbilie cheo cha prezida. Kikundi kinahitaji sekretere mwaminifu kuliko kinavyohitaji prezida msomi.

Wabelgiji waliandika siku za kazi. Chama kikaandika waliokosa salongo. Proje zikaandika waliohudhuria semina. Daftari lote hilo lilikwenda kwa mkubwa fulani, mbali. Likizo ijayo ukirudi nyumbani, iwe Kabimba, Moba au Mtoa, nunua daftari la franka chache, kaa na mzee wa miaka 1964, andika alivyoyaona maji. Kisha ukimaliza, usiondoke nalo. Liache kijijini.