Bomba la moshi la babu

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu hivi na wengine mmeshaniandikia mkiuliza kama nimeacha kazi au nimeoa. Hakuna hata kimoja. Nimekuwa najenga nyumba. Msikimbilie kunipongeza, maana nyumba yenyewe inakaa juu ya kabati la vyombo la bibi hapa Kihonda. Kuta zake ni maboksi ya viatu na paa lake ni kadi za mchango wa harusi (kila mwandishi wa habari anazo rundo, watu wanadhani tuna hela).

Stori ilianza hivi. Mwezi uliopita bibi alikuwa anapanga sanduku lake, akatoa picha moja ndogo nyeusi na nyeupe, pembe zimekunjika. Nyumba ya mawe, ngazi tatu mbele, na kwenye ngazi amesimama kijana mwembamba aliyevaa kanzu nyeupe na mkanda kiunoni. Ni babu, kabla hajawa babu. Picha ilipigwa Lushoto mwishoni mwa miaka ya 1950, alipokuwa mpishi wa mzee mmoja wa Kiingereza. Babu hayupo tena, na nyumba ile nayo ilishabomolewa. Bibi akaiangalia picha, akasema, "Ningependa kuiona tena." Basi. Mjukuu ukisikia hivyo utafanya nini?

Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo, yeye alichukua usanifu majengo, akanifundisha kipimo cha 1 kwa 50. Maana yake mlango wa mita 2 unakuwa na sentimita 4. Kuta zilikwenda vizuri, madirisha nayo sio mabaya. Kilichonitoa jasho ni vitu viwili vidogo juu ya paa, kila kimoja na urefu wa milimita 12. Kwenye picha vinaonekana wazi: juu ya bomba la moshi la mawe kuna vichungu viwili vya udongo, kama mitungi isiyo na kitako. Nilivitengeneza mara ya kwanza kwa karatasi, vikaonekana kama sigara. Nikajaribu kalamu, vikawa vinene mno. Hapo ndipo nilipoamua kufanya kile tunachofundishwa kazini: kama hukielewi kitu usikiandike, kakitafute kwanza.

Kitu cha kwanza ni jina. Kiswahili sanifu kinaliita bomba la moshi dohani, neno lililotoka kwenye Kiarabu, ambako mzizi wake ni moshi wenyewe. Mtaani ukisema dohani watu watakuangalia. Lakini lile neno la Kiingereza nalo lilifika kwetu, ila halikuja na nyumba, lilikuja na taa! Kioo cha taa ya mafuta, kile kirefu kinachopandisha moshi, ndicho kilichotuachia chemli. Kwa hiyo bibi zetu walikuwa na dohani mezani miaka yote, halijawahi kukaa juu ya paa.

Na kwa nini likae juu ya paa? Nyumba za Waluguru huko milimani, za udongo na nyasi, moshi wake ulipita kwenye nyasi zenyewe. Ukipita ulikuwa unafanya kazi: unafukuza wadudu wanaokula paa, unakausha mahindi yaliyotundikwa juu ya meko yasibunguliwe. Moshi ulikuwa na kazi ndani ya nyumba kabla haujaruhusiwa kutoka. Sisemi ulikuwa mzuri kwa macho na mapafu, hapana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na wengi ni wa meko kama hayo. Ninachosema ni kwamba kukosa dohani haikuwa ujinga, ulikuwa mpango mwingine.

Tena Waingereza wenyewe walikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1577 padri mmoja wa kijiji cha Radwinter, William Harrison, aliandika kwamba wazee wa kijijini kwake walikuwa wanashangaa mambo kadhaa yaliyobadilika maishani mwao, na mojawapo ni wingi wa mabomba ya moshi. Walipokuwa vijana yalikuwa machache sana, moto uliwashwa ukumbini na moshi ukajitafutia njia. Na Harrison mwenyewe, kama wazee wa popote, alilalamika kwamba zamani moshi uliimarisha mbao za nyumba na afya ya watu, siku hizi watu wana mafua tu. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Dohani zilipozidi, serikali ikaona pesa. Mwaka 1662 Uingereza ilianzisha kodi ya meko, shilingi mbili kwa mwaka kwa kila meko ndani ya nyumba. Watu waliichukia kweli kweli. Mkaguzi alikuwa na haki ya kuingia ndani na kuhesabu, na wako walioziba meko yao wasihesabiwe. Ilifutwa mwaka 1689. Sasa shika hapo hapo, uje kwetu. Mwaka 1897 Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba hapa Afrika Mashariki ya Kijerumani, wakaanza kuikusanya mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Kwetu hawakuhesabu meko, walihesabu paa. Wazee waliiita kodi ya kibanda, na jina hilo peke yake linakuonyesha mkusanyaji aliiona vipi nyumba ya mtu.

Turudi kwenye vichungu vyangu. Vyenyewe vilienea sana Uingereza wakati wa Mfalme George wa Tatu, aliyetawala kuanzia 1760 hadi 1820. Watu walikuwa wameacha kuni na kuhamia makaa ya mawe, na makaa yanahitaji mvuto mkali wa hewa. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda. Bomba likiwa refu, mvuto unaongezeka. Mdomo ukiwa mwembamba, moshi unatoka kwa kasi na upepo haupati nafasi ya kuurudisha sebuleni. Kuongeza mawe juu ya paa ni gharama, basi mfinyanzi anakutengenezea chungu kirefu kisicho na kitako, fundi anakipandika juu na kukizungushia chokaa kwa mteremko ili maji ya mvua yasitulie. Hivyo tu. Ni ufinyanzi, kazi ambayo mama zetu wanaijua.

(Ndani ya mabomba hayo walikuwa wanaingizwa watoto kuyasafisha, wengine wa miaka sita. Sheria ya kwanza ya kuwalinda ni ya 1788, na haikufuatwa. Iliyofanikiwa ni ya 1875, baada ya mtoto George Brewster kukwama ndani ya bomba la hospitali karibu na Cambridge na kufa. Miaka 87 kati ya sheria na utekelezaji. Wenzangu mnaoripoti Bunge mtanielewa.)

Kitu nilichojifunza, na ndicho kilichobadilisha kazi yangu yote, ni hiki: kwa kawaida kila meko lina njia yake ya moshi, na kila njia ina chungu chake. Ukisimama barabarani ukahesabu vichungu, umejua ndani kuna meko mangapi. Ndiyo maana wanaotengeneza nyumba ndogo za mfano kule Uingereza wanagombana kuhusu jambo hili. Wapo wanaopachika vichungu vitano juu ya nyumba ya vyumba viwili kwa sababu vinapendeza. Wenye kujua wanakataa. Bingwa wao alikuwa Mwaustralia, Roye England, aliyefika Uingereza mwaka 1925, akaona nyumba za zamani za mashambani zinabomolewa au kubandikwa mabati na vioo vipya, akaamua kuzitengeneza kwa kadibodi moja moja kwa kipimo cha 1 kwa 76. Kazi yake ndiyo iliyozaa makumbusho ya Pendon, yaliyoanza mwaka 1954 kwenye kijiji cha Long Wittenham. Watu wa pale hutumia miezi, hata miaka, kwenye nyumba moja. Mwanzoni niliona ni uchizi wa mtu mwenye muda. Halafu nikakumbuka nimekaa saa nne usiku wa Jumanne nikikata mrija wa soda.

Maana mrija ndio ulionipa jibu. Mrija wa kawaida una upana wa milimita 5 au 6, na kwa kipimo changu hiyo ni sentimita 25 hadi 30, upana wa chungu halisi. Nikaukata milimita 12, nikazungushia ukanda wa karatasi juu kufanya mdomo. Usizibe ndani! Chungu kilichozibwa kinaonekana bandia hata ukiwa mlangoni. Kwa rangi nilisaga kipande cha tofali la kuchoma, nikachekecha kwa soksi kuukuu, nikapaka gundi na kunyunyiza. Tofali la Morogoro limetoa rangi ambayo hakuna duka la vifaa vya shule linaiuza.

Jumapili nikampelekea bibi. Nilikuwa najisikia kweli.

"Shikamoo bibi. Nyumba yako hiyo."

"Marahaba, mume wangu." Akaizungusha polepole, akagusa ngazi, akagusa vichungu. Akahesabu. Kisha akaigeuza nyuma, akanyamaza kidogo. "Sasa babu yako alikuwa anapikia wapi?"

Nikamwambia vichungu viko viwili, kimoja cha sebuleni na kingine nadhani cha jikoni. Akatikisa kichwa. Vyote viwili vilikuwa vya mzungu, kimoja cha sebule na kingine cha chumba cha kulala, na viliwashwa Juni na Julai wakati wa baridi ya Lushoto, basi. Jikoni kulikuwa nyuma, jengo la peke yake, unavuka ua na sinia mkononi hata kama mvua inanyesha. Kule hakukuwa na chungu cha udongo. Kulikuwa na jiko la chuma la kuni na bomba la bati lenye kofia. Na moto wake, akasema bibi, haukuzimika kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi mzungu alale.

Wadau, mimi ni mwandishi wa habari. Nilikuwa na picha, nina shahidi aliye hai umbali wa mita kumi, na nilijenga nyumba nzima bila kumuuliza. Picha ilipigwa kwa mbele. Babu aliitwa aje asimame kwenye ngazi ambazo kwa kawaida hakuzitumia, na jiko lake likabaki nje ya picha. Nyumba nyingi za wakubwa wa kikoloni nchi hii zilijengwa hivyo, jiko mbali na nyumba, joto na moshi na mpishi vikae huko huko. Nenda Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao, uangalie nyuma ya nyumba za zamani. Mimi nilikuwa nimehesabu vichungu vizuri sana, vya upande mmoja.

Baada ya Uhuru yule mzee aliuza akaondoka, na babu na bibi wakaishia Morogoro, mji wa viwanda vilivyokuja baadaye. Moja ya majengo maarufu ya enzi hizo ni kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilipangiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi ziende Ulaya. Hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na uzalishaji ukasimama mwaka 1990. Sababu ni nyingi, lakini mojawapo ni kwamba kuta zilikuwa za aluminiamu na jengo halikuwa na mfumo wa kupitisha hewa. Katika joto hili letu! Mchoraji wake naye nadhani hakumuuliza mtu wa hapa.

Basi nikarudi mezani. Jiko la nyuma limenichukua siku nne, kwa maelezo ya bibi peke yake: mlango upande gani, dirisha moja, rundo la kuni chini ya upenu, hatua ngapi kuvuka ua (alisema kumi na nne, akazipiga sebuleni kunihakikishia). Bomba nimelikata kwenye kopo la soda, nikaliviringisha kwenye msumari, na kofia yake ni duara la bati hilo hilo juu ya miguu mitatu ya waya.

Nilipompelekea jana, hakuridhika na usafi wake. Akaingia jikoni, akarudi na masizi ya sufuria kwenye kidole, akalipaka bomba la bati kuanzia kwenye kofia hadi kwenye paa. Vile vichungu vya mbele akaviacha kama vilivyo.